Tramu ya Saa Kumi Alfajiri

Saa nne usiku nambandika nyaya kichwani,
ishirini na mbili, kwa gundi inayonuka siki,
na Jumberi, dereva mstaafu wa tramu,
ananiuliza kama zitazisoma dhambi zake.
Hazisomi, namwambia. Zinasikiliza mvumo tu,
kama aliyetega sikio ukutani
kwa jirani ambaye lugha yake haijui.

Mkewe, Tsiala, alimsindikiza hadi mlangoni.
Chini ya jicho ana doa la zabibu iliyolala.
"Hakunipiga," alisema kabla sijauliza.
"Alikuwa anafunga breki."

Tbilisi inazima taa zake mojamoja.
Nimekaa nyuma ya kioo na chai iliyopoa,
namtazama mtu akiondoka bila kuinuka.

Maana kulala si kuzimwa.
Wasemao hivyo hawajakesha na aliyelala.
Ni kushuka ngazi: pa kwanza
mguu unashtuka kama umekosa kidato;
pa pili kalamu inachora vifundo vidogo vidogo;
kisha mawimbi marefu, mazito,
usingizi wa pono, hata ukimwita
jina linafika, linabisha, linarudi lilikotoka.
Yuko wapi basi? Pumzi ipo. Moyo upo.
Jiko linawaka, mwenye nyumba hayupo.

Chuoni walitufundisha kuna mlango mwingine chini huko:
mwili hufungwa kamba kabla ndoto haijaanza,
ili akili ikimbie, miguu ibaki.
Kwa Jumberi kamba imelegea.

Saa kumi kasorobo
macho yanaanza kukimbizana chini ya kope.
Mkono wa kushoto unashika kitu kisichokuwepo,
unakizungusha taratibu; wa kulia unavuta uzi wa kengele.
Halafu sauti, ile ya kazini,
si ile iliyoulizia dhambi:
"Daraja Kavu! Anayeshuka ashuke!"

Reli zile ziling'olewa. Nakumbuka, nilikuwa na miaka tisa,
mtaro ukijaa mvua, sisi tukirusha mawe.
Lakini yeye anasimama, anangoja,
na naapa anahesabu vichwa.
"Kiwanda cha Hariri! Mama, mshike mtoto!"
Anaondoa. Anapinda kona.
Anakanyaga breki kwa mguu mzima
hadi kitanda kinalia, nyaya mbili zinabanduka.

Kanuni inasema nisimwamshe.
Haikusema nifanye nini na mkono wangu
ulioshika ukingo wa meza, kama abiria.

Asubuhi namuuliza, fomu mkononi: uliota nini?
Anakuna gundi nyuma ya sikio.
"Sikuota. Nimelala kama gogo."
Na ninamwamini. Hapo ndipo ninapokwama.
Nani alikuwa macho, saa kumi ile?
Na huyu wa sasa, anayetafuta soksi yake,
ni mwenye nyumba,
au mpangaji aliyeachiwa funguo?
Naandika: mgonjwa hakumbuki.
Hakuna kisanduku cha kusema kwamba mimi nakumbuka.

Tsiala yuko ukumbini, koti la mumewe mikononi.
Ananivuta pembeni.
"Alinitaja?"
Namwambia hapana. Alimwambia mama mmoja tu
amshike mtoto, penye Kiwanda cha Hariri.
Ananyamaza. Anamvisha mzee koti,
anafunga vifungo vyote, hata kile cha shingoni
ambacho hakuna mtu hukifunga.
"Nilikuwa napandia hapo," anasema,
lakini anakiambia kifungo.

Nyumbani navuta pazia nene juu ya jua.
Watu wanaelekea makazini, viatu vinagonga ngazi.
Najilaza, nashuka,
na pale penye kidato cha kwanza mguu unashtuka,
kengele inalia mahali,
nami natafuta sarafu ya nauli
katika nguo ya kulalia isiyo na mfuko.